Karatasi ya kura ya California imenishinda kuijaza. Waliowahi kupiga hizi kura za Novemba njooni tufikiri pamoja

KahawaChungu (mwanzisha uzi), 15 Oktoba 2022

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Van Nuys, Los Angeles, huu mwaka wa kumi na nne. Kiapo cha uraia nimekula mwaka jana, kwa hiyo kura ya tarehe 8 Novemba ndiyo ya kwanza kwangu huku. Nyumbani nilipiga mara mbili, 2000 na 2005, pale Machame, na kazi yenyewe haikuwa ngumu: rais, mbunge, diwani. Unapanga foleni, unaweka vema, unachovya kidole, unapitia mbege, pombe yetu ya ndizi, njiani.

Sasa hii bahasha. Imekuja yenyewe kwa posta, maana California siku hizi kila aliyejiandikisha anatumiwa karatasi nyumbani. Ina siku tano juu ya friji. Jana nimetoka kazini nikasema leo namaliza, nikaikunjua mezani, nikaitazama, nikaikunja tena.

Rais hayumo. Huu ni uchaguzi wa katikati ya muhula wa Biden, na kinachogombewa Washington ni viti vyote 435 vya Baraza la Wawakilishi na viti 35 vya Seneti. Hilo nililijua. Nisilolijua ni huo mlolongo mwingine: gavana, naibu wake, mwanasheria mkuu, mhazini, mdhibiti wa hesabu, kamishna wa bima (jamani, kamishna wa bima anapigiwa kura!), mkuu wa elimu, sherifu wa kaunti, meya, majaji mpaka macho yanauma. Seneta Alex Padilla nimemkuta mara mbili nikadhani wamekosea kuchapa. Kumbe aliteuliwa kuziba nafasi ya Kamala Harris alipokwenda kuwa makamu wa rais, sasa kuna kura ya kumalizia muhula unaoisha Januari na kura nyingine ya miaka sita ijayo. Jina lile lile, mpinzani yule yule, visanduku viwili.

Lakini wagombea si tatizo langu kubwa. Mtu nikimsikiliza dakika kumi najua kama ananidanganya. Kinachoniumiza kichwa ni maswali. Kuna mapendekezo saba ya jimbo zima, la 1 na kuanzia 26 mpaka 31, halafu juu yake kuna hoja za kaunti na za jiji. Kila moja unajibu Ndiyo au Hapana, na ukishajibu inakuwa sheria.

Utaratibu huu wanao tangu 1911. Ukikusanya saini za kutosha, jambo lako linaruka bunge na kwenda moja kwa moja kwa wananchi. Mwaka huu sheria ya kawaida ilihitaji saini 623,212, na kubadili katiba 997,139. Nikajiuliza, nani ana muda wa kusimama mlangoni mwa supamaketi mpaka afikishe laki sita? Jibu nimelipata: anayelipwa kwa kila saini. Na anayelipa ana lake.

Ndipo nikajitungia kipimo. Kila swali natafuta kwanza nani kalipia, halafu napiga kinyume chake. Mpaka sasa nimefika hapa:

La 27, kubeti michezo kwa simu. Hapana. Limelipiwa na kampuni za kubeti, FanDuel na DraftKings na wenzao, na tangazo lao linasema ni dawa ya watu wanaolala barabarani. Mimi nina mdogo wangu Moshi, nimetuma ada ya chuo ikageuka mkeka wa kubeti, mkeka ukachanika. Sihitaji tangazo.

La 26, kubeti michezo lakini uende mwenyewe kwenye kasino za makabila ya Wahindi Wekundu au viwanja vinne vya mbio za farasi. Sijui.

La 28, fedha za muziki na sanaa mashuleni. Ndiyo.

La 29, vituo vya kusafisha damu ya wagonjwa wa figo viwe na daktari au mtabibu muda wote wa huduma. Kampuni za vituo zinamwaga pesa kupinga, kwa hiyo Ndiyo.

La 30, kodi ya asilimia 1.75 kwa kipato kinachozidi dola milioni 2, pesa ziende kwenye magari ya umeme na kuzima moto wa misitu. Wanaolipa ni matajiri. Ndiyo.

La 31, tumbaku zenye ladha. Nimelisoma mara tatu sijaelewa Ndiyo inaruhusu au inakataza.

Meya, Karen Bass au Rick Caruso, bado.

Naomba kuwasilisha. Ushabiki wa vyama pelekeni jukwaa lake.

MamaPwani, 15 Oktoba

Pole baba. Mimi wa Mombasa, niko Sacramento. Ndugu zangu Kenya wamepiga juzi Agosti tarehe 9, karatasi sita kwa mpigo, kila moja na rangi yake, na bado nyanya yetu alimaliza akarudi kupika. Maswali nayo tumeyaonja. 2005 katiba ilikuwa ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana, tukaila chungwa. 2010 ikawa kijani na nyekundu, kijani kikashinda. Angalau ndizi ilikuwa ndizi, hujiulizi mara tatu.

La 31 nikufungulie. Bunge la jimbo lilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuzuia maduka kuuza sigara za kawaida na za mvuke zenye ladha, menthol ikiwemo. Kampuni za tumbaku zikakusanya saini kuipeleka kwa wananchi, na saini zikitosha sheria inasimamishwa kwanza. Yaani imelala miaka miwili na wao wanauza tu. Kwa hiyo hapa swali ni "je, sheria iliyopitishwa ibaki?" Ndiyo inazuia ladha. Hapana inaifuta sheria. Ni kinyume cha unavyotarajia, na wapo watakaokosea humo.

Shisha wameisamehe, kabla wale vijana wa baraza hawajaanza kulia.

DerevaUsiku, 16 Oktoba

Mkuu KahawaChungu, la 30 umenichekesha. Unasema kipimo chako ni nani kalipia, halafu hukuangalia.

Kalipia Lyft. Zaidi ya dola milioni 40. Jiulize kampuni ya teksi imeanza lini kupenda kodi. Jimbo limeshaamua kwamba ifikapo 2030 asilimia 90 ya maili za Lyft na Uber ziendeshwe kwa umeme. Sasa gari ni la nani? Langu. Mimi ndiye ninayelala nalo, ninayelipa tairi. Ili wao watimize sharti, aidha watusaidie sisi madereva kununua magari ya umeme, aidha walipakodi wasaidie. Ndiyo hilo la 30. Hata gavana Newsom, ambaye magari ya umeme anayahubiri asubuhi na jioni, ametokea kwenye tangazo kulipinga.

Mimi niliungua na la 22 mwaka 2020. Kampuni zetu zilitumia zaidi ya milioni 200 ili tusihesabiwe waajiriwa. Abiria wananiambia "nimepiga Ndiyo kwa ajili yako." Nikawa nasema asante, nyota wanazonipa kwenye simu ndizo chakula changu.

KahawaChungu, 16 Oktoba

Duh. Kwa hiyo la 30 unapiga Hapana?

DerevaUsiku, 16 Oktoba

Hapo sasa ndipo shida. Ruzuku ikitoka mimi ni wa kwanza kwenye foleni, petroli wiki hii imeninyonya damu. Kodi siilipi mimi, milioni 2 naziona kwenye filamu. Nitapiga Ndiyo huku nimenuna.

Mwanakwetu76, 16 Oktoba

Nyie watu mnapiga kura kwa kisasi. Tajiri akisema Ndiyo nyie Hapana. Kuna swali humu ambalo halina tajiri pande zote mbili? La 27 kampuni za kubeti, wanaolipinga makabila yenye kasino. La 26 makabila yenye kasino, wanaolipinga kumbi za karata. Wakijumlisha pande zote mwaka huu wamevuka milioni 400. Kipimo cha KahawaChungu hapo kinafanyaje, apige kura mara ngapi?

Halafu hoja ya jiji, ULA. Watu wanaiita kodi ya majumba ya kifahari: asilimia 4 nyumba ikiuzwa zaidi ya milioni 5, asilimia 5.5 ikifika milioni 10 kwenda juu, pesa ziende kujenga nyumba za watu wa chini na kusaidia wapangaji. Tamu. Lakini isomeni: haisemi jumba la kifahari. Inasema mali. Jengo la ghorofa tatu lenye vyumba 20 analokaa KahawaChungu mwenyewe likiuzwa linaingia humo humo. Mwenye jengo atalipa kutoka wapi?

MamaPwani, 16 Oktoba

Na isipopita kodi yangu ya nyumba haitapanda? Mwenye nyumba wangu hapandishi kwa sababu ya hoja, anapandisha kwa sababu ni Januari.

Uvira_SD, 17 Oktoba

Mie niko San Diego, kwetu Uvira. Ile bahasha ilifika nikasema ni ya benki, nikaiweka kando na matangazo ya pizza. Mtoto wangu wa kike ndiye aliyeniambia papa hiyo ni kura. Tumekaa naye Jumapili baada ya ibada, yeye anasoma Kiingereza, ananiambia kwa Kiswahili, mimi nasema, yeye anatia wino. Nikamuuliza hii si kosa? Akanionyesha, sheria inaruhusu mtu unayemwamini akusaidie, ila asiwe mwajiri wako wala mtu wa chama chako cha kazi.

Huko Los Angeles nasikia karatasi mnazipata hata kwa Kiarmenia, Kikorea, Kithai. Kiswahili hakimo. Sisi tuna watoto.

Kwa la 1 tulinyamaza kidogo. Yeye ana lake, mimi nina langu.

Mwanakwetu76, 17 Oktoba

La 1 (kuandika haki ya kutoa mimba na uzazi wa mpango kwenye katiba ya jimbo) tusilifungue hapa, uzi utaungua. Tangu Mahakama ya Juu ya Washington ilipotengua Roe, ile hukumu iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, mwezi Juni kila mtu ameshaamua. Mimi mlokole, mnajua nitakapoweka vema. Tuendelee.

KahawaChungu, 17 Oktoba

Tuendelee. Mke wangu na mimi pia hatujaambiana.

NesiMbezi, 18 Oktoba

Kaka KahawaChungu, shikamoo. Jina la humu lisikudanganye, nesi alikuwa mama yangu. Mimi ni fundi wa mashine kwenye kituo cha kusafisha damu, Bakersfield, mwaka wa sita. Nimesita siku tatu kuandika kwa sababu la 29 linanigusa mno.

Zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri. Mgonjwa anakuja mara tatu kwa wiki, anakaa kwenye kiti saa tatu, nne. Mimi nina viti vinne. Wanne wote wamefungwa mirija miwili miwili, damu inatoka inaingia. Mmoja presha ikishuka anakuwa wa kijivu, hapo hapo wa pili mashine yake inapiga kelele, wa tatu muda wake umeisha anataka kwenda haja, wa nne analia kwa misuli kukaza. Anayewafikia ni mimi. Nesi mwenye leseni yupo, sheria ya serikali kuu inalazimisha, na kila mgonjwa ana daktari wake wa figo anayemwona kila mwezi.

Sasa la 29 linataka awepo daktari, au nesi wa ngazi ya juu, au daktari msaidizi, mwenye uzoefu wa angalau miezi sita, muda wote wagonjwa wapo. Ukisikia hivyo unasema nani mwenye roho atakataa? Lakini halisemi afanye nini. Halisemi mimi nipewe viti vitatu badala ya vinne. Anaweza akakaa ofisini na kompyuta yake tangu alfajiri mpaka jioni na sheria ikawa imetimia.

Nani kalipia? Chama kikubwa cha wafanyakazi wa afya, ambacho kwa miaka kinajaribu kuingia vituoni na kampuni zinakizuia. 2018 walileta la 8, la kubana faida, kampuni zikatumia zaidi ya milioni 110, likaanguka. 2020 wakaleta la 23, la daktari, likaanguka. Sasa hili. Mimi chama nakitaka! Wakinipa karatasi ya kujiunga kesho nitasaini hata kwa dole gumba. Lakini wagonjwa wangu kila baada ya miaka miwili wanakaa kwenye kiti, televisheni iko juu yao, wanaona tangazo linawaambia kituo chako kitafungwa utakufa. Bibi mmoja wa miaka zaidi ya 70 aliniuliza mwezi huu, "mwanangu, wananifungia?" Nimemwambia hapana mama. Nikaenda stoo nikasimama kidogo.

Wagonjwa ni kama elfu 80 jimbo zima, vituo kama 650. Wapiga kura ni mamilioni ambao hawajawahi kuona mashine ile. Wanaulizwa wao.

Kwa hiyo kipimo chako kaka. Kampuni kalipia Hapana, ni kweli, na kampuni sizipendi. Lakini anayelipa anakuonyesha kwa nini swali limeletwa. Jibu hakuonyeshi.

KahawaChungu, 18 Oktoba

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma hii kwenye maegesho ya kazini, nimechelewa kuingia.

Ndiyo niliyokuwa nimetia kwa penseli nimeifuta. Sijaweka kitu kingine.

DerevaUsiku, 18 Oktoba

Dada umeua. Naongeza kidogo kwa KahawaChungu: swali usilolijua unaruhusiwa kuliacha wazi. Kura zako nyingine zote zinahesabiwa kama kawaida. Mimi majaji huwa nawaacha wengi wazi.

Mwanakwetu76, 18 Oktoba

Majaji msiwapuuze. Wale wa Mahakama ya Juu ya California, mwaka huu wako wanne, wanaulizwa tu "abaki?" na kwa kawaida wanabaki. Lakini 1986 wananchi waliwang'oa watatu kwa siku moja, akiwemo jaji mkuu Rose Bird, kwa sababu ya kutengua hukumu za kifo. Kwetu jaji unamsikia akiapishwa na unamsikia akistaafu.

Na meya mmemsahau.

KahawaChungu, 20 Oktoba

Meya sijamsahau, namkwepa.

Wote wawili wamejiandikisha chama cha Democrat, ingawa Caruso kajiunga Januari mwaka huu huu. Huyu ni mjenzi wa maduka makubwa, anatumia pesa zake mwenyewe, kila nikiwasha simu namwona yeye. Bass ni mbunge, na kwenye Baraza la Wawakilishi aliongoza kamati ndogo inayoshughulikia Afrika, kwa hiyo wenzetu wengi wa kanisani wanasema "huyu wetu, anatujua." Sawa, anatujua. Ila ninayemchagua ni wa kusimamia jiji lenye watu karibu elfu 42 wasio na makazi kwa hesabu ya mwaka huu. Chini ya daraja ninalopita kwenda kazini kuna mahema kumi na moja, ninawahesabu kila siku kama mbuzi wa baba.

Caruso anasema vitanda elfu 30 ndani ya siku 300. Bass anasema watu elfu 17 mwaka wa kwanza. Nikapiga hesabu: siku 300, vitanda 100 kila siku ya Mungu, na Jumapili. Nimefanya kazi ya ujenzi jiji hili miaka sita. Kibali cha choo tu tulikisubiri miezi minne. Huyu wa elfu 17 naye anaweza akawa ananidanganya, lakini ananidanganya kwa kiasi.

Juu ya hayo wiki iliyopita imevuja sauti ya madiwani wa jiji hili wakimtukana mtoto mweusi wa diwani mwenzao, mwenyekiti wa baraza la jiji akajiuzulu kiti chake. Mimi nina mtoto wa umri unaokaribia huo. Nikasema anayekwenda kukaa na watu wa aina hii mezani awe amewahi kukaa nao. Bass.

ULA nimetia Ndiyo. Mwanakwetu76 nimekusikia kuhusu jengo letu, na huenda una haki. Lakini lile jengo tangu nihamie halijauzwa na kodi yetu ya pango imepandishwa mara tano.

26 Hapana, 27 Hapana, 28 Ndiyo, 31 Ndiyo. 30 nimemwachia DerevaUsiku roho yake, mimi Hapana. Kesho naidondosha kwenye sanduku la maktaba.

MamaPwani, 20 Oktoba

Umetia sahihi nyuma ya bahasha? Na tarehe? Bila sahihi haifunguliwi.

KahawaChungu, 20 Oktoba

Nimetia mama, kubwa kabisa.

KahawaChungu, 20 Novemba 2022

MREJESHO.

Kwanza niliyoyaona. La 27 limezikwa, Hapana zaidi ya asilimia 80. La 26 nalo chini. La 29 limeanguka mara ya tatu. La 30 limeanguka, pole DerevaUsiku. La 1, la 28 na la 31 yamepita. Bass ameshinda, walimtangaza baada ya siku nane za kuhesabu, na Caruso katumia zaidi ya milioni 100. ULA imepita.

Halafu yangu mimi. Wiki ya kwanza ya Novemba nimepata barua kutoka ofisi ya uchaguzi: sahihi yako haifanani na tuliyo nayo. Waliyo nayo ni ya leseni ya udereva, nilitia mwaka 2009 nikiwa mgeni, nimeandika jina zima kwa mwandiko wa shule ya msingi. Kumbe miaka yote hii ya kusaini hundi na fomu za watoto nimebaki na mkunjo mmoja na nukta. Wanatuma fomu, unasaini upya, unarudisha kabla hawajafunga hesabu, kura inaingia. Nimekaa mezani na leseni pembeni, nikanakili herufi moja moja, mwanangu anauliza baba unajifunza kuandika?

Nimefuatilia kwenye simu, imeandikwa imehesabiwa.

NesiMbezi, la 29 niliiacha wazi.

NesiMbezi, 20 Novemba

Hongera kaka. Mimi nilitia Hapana. Kesho niko zamu saa kumi, viti ni vile vile vinne. Yule bibi ameniletea biskuti.